Kufuli Tatu za Kasha na Ufunguo Mmoja wa Kompyuta



Kamati ya sherehe iliponipa kazi ya kuandika historia ya hesabu zetu kwa miaka hii kumi, nilijibu haraka kwamba haitanichukua hata jioni moja. Nilidhani nitaandika kwamba tulianza na daftari, tukapata kompyuta, maendeleo yakaja, tukapiga makofi. Lakini kila nilipokaa kuandika, mkono ulisita mahali palepale, yaani ule mwaka ambao kompyuta ilitugomea. Basi nikaona niandike hasa huo. Mengine mtayasoma katika kurasa za wenzangu, pamoja na picha.

Nianze na kasha. Mgeni akija kwenye kikao chetu, jambo la kwanza analouliza ni kwa nini lile sanduku la bati lina kufuli tatu. Wanachama mnajua jibu. Aliye na kasha hana ufunguo, na walio na funguo hawana kasha, tena wako watatu, wa nyumba tatu, wasio ndugu. Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kuwafundisha akina mama wa vijijini huko Niger, Afrika Magharibi, namna ya kuweka na kukopeshana wao kwa wao bila kungoja benki. Kwa Kihausa waliita Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye maarifa. Kutoka huko mpango ukasambaa Afrika nzima. Zanzibar ulifika kwenye vijiji vya jirani na msitu wa Jozani, na huku Bara ukapata sura ya VICOBA tunayoijua. Kila nchi ilibadilisha hili na lile, lakini kasha na kufuli zake tatu vilibaki, na baadaye kikaongezwa kile kitabu cha mwanachama kinachopigwa muhuri kila hisa inaponunuliwa. Muhuri uliwekwa ili hata mama asiyejua kusoma ahesabu mwenyewe akiba yake kwa kidole.

Mkoa wetu wa Songwe ulipozaliwa mwaka 2016, sisi tulikuwa bado tunafundishana kuhesabu hisa. Kikao kilifanyika barazani, kauntabuku moja juu ya stuli, na mimi katibu nikiwa na rula na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Wengi wetu ni watu wa biashara ndogo. Kuna wanaouza mchele wa Kamsamba, maharage na mitumba, kuna mama lishe wanaowapikia madereva wa malori, na kuna wanaovuka kwenda Nakonde asubuhi na kurudi jioni na mzigo kichwani. Marejesho yalikuja kwa noti zilizochakaa, mengine kwa kwacha, na tulikuwa tunabishana juu ya bei ya kubadilisha mpaka chai inapoa.

Kikundi kilipokua, siku ya mgawo ikawa adhabu. Mnakumbuka ule mgawo wa tatu? Tulianza saa tatu asubuhi, tukamaliza kwa taa ya simu. Nilikosea jumla mara mbili, mama mmoja akasema kwa sauti kwamba katibu amechoka au ameshiba. Nililia, ingawa leo nacheka.

Ndipo akatokea kijana mmoja wa hapa hapa mtaani, mtoto wa kulea wa mpenzi wetu mmoja, aliyekuwa ametoka chuoni na stashahada ya kompyuta. Alikuja kikaoni, akaamkia wote, akasema, "Mama zangu, nipeni wiki tatu." Tulimnunulia laptopu iliyotumika, yenye Windows 7, na ndani yake akatutengenezea programu yetu wenyewe kwa kutumia Access ya Microsoft. Ilikuwa na jina la kikundi juu, na rangi za khanga yetu. Ukiandika jina la mwanachama, ilikuonyesha hisa zake, mkopo wake, faini zake na mfuko wa jamii. Ukibonyeza kitufe cha mgawo, ilitoa karatasi nzima. Mgawo wa mwaka ule uliisha kabla ya chakula cha mchana, na chakula chenyewe kilikuwa bado jikoni. Tulimlipa fedha kidogo na mchele, tukamwombea heri. Kijana alifanya kazi ya heshima, na sitapenda mtu asome ukurasa huu akidhani namlaumu.

Aliyesifiwa ni yeye, lakini tulioingia kiburi ni sisi. Tuliacha kuandika leja. Vitabu vya wanachama tuliendelea kuvipiga muhuri kwa mazoea, lakini kukitokea ubishi tulitazama kioo cha kompyuta, na neno la kompyuta likawa ndilo la mwisho. Hakuna aliyepiga kura kwamba iwe hivyo.

Sasa nafika kwenye lile jambo linalosimamisha kalamu yangu. Mama mmoja wa huku Sogea, muuza mitumba, mwanachama mwanzilishi, alifika kikaoni kuomba mkopo mpya. Kompyuta ikasema ana deni la shilingi 240,000. Akatoa kitabu chake: amelipa, muhuri upo. Tukatazamana. Akaniambia, "Dada katibu, nilikukabidhi mkononi mwako, uliandika mwenyewe." Mimi sikukumbuka. Mmoja akasema mihuri inaweza kupigwa kimakosa, mwingine akasema mashine haina upendeleo. Jamani, tulimnyima mkopo, tukamtaka alipe tena. Alilipa. Aliuza marobota mawili kwa hasara, akalipa mbele yetu, na mgawo ulipofika akachukua chake akaondoka kikundini bila kugomba na mtu. Hakuna aliyesimama kumfuata.

Si muda mrefu baada ya hapo laptopu ikafa. Iliwaka, ikatoa mlio kama kunguni wa mahindi anapotafuna, ikazima moja kwa moja. Tulikuwa na nakala kwenye flashi, ya wiki sita nyuma. Tukachanga, tukanunua laptopu nyingine iliyo bora zaidi, yenye Windows 10 na Access mpya. Tukachomeka flashi, tukabonyeza jina la programu yetu. Ikakataa kufunguka. Tukajaribu tena, ikakataa tena, na maelezo marefu ya Kiingereza yakatokea. Kijana wetu alikuwa ameshahama mji kutafuta maisha, namba yake ya simu haipatikani, na mlezi wake naye alikuwa hajui aliko.

Kutafuta fundi wa programu si sawa na kutafuta fundi wa simu. Tunduma mafundi wa simu wamejaa, kila kibanda kina kioo cha kukuza na pasi ya risasi. Nilizunguka na laptopu ndani ya kikapu kama nimebeba kuku. Wa kwanza alitaka kuifuta yote na kuweka Windows upya, nashukuru nilikataa. Wa pili, wa steshenari, alisema ni virusi. Wa tatu alisema kweli, kwamba hii siyo kazi yake. Nikapanda basi hadi Mbeya. Huko nilikutana na bwana mmoja aliyetazama dakika tano, akasema kitu cha zamani hakirekebishiki, nimtengenezee ninyi mpya, na bei aliyotaja ingemaliza mfuko wa jamii wote. Nilimwuliza: hesabu zetu za zamani zitahamia humo? Akajibu, "Mtaziandika upya." Nilirudi nyumbani nimekaa dirishani, nikihesabu vituo.

Jioni ile mwenzetu mmoja mwenye duka la jumla karibu na mpaka alinicheka kwa huruma. Yeye alikuwa ameshapita njia hiyo zamani. Duka lake lilikuwa na programu ya mauzo aliyotengenezewa na mtu, yenye bei mbili mbili, ya shilingi na ya kwacha, kwa sababu wateja wake nusu ni wa upande wa pili. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ikaondoa sifuri tatu kwenye fedha yake: kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya, na ngwee zikarudi mfukoni. Kumbe yule fundi alikuwa amejenga programu ikubali namba nzima tu. Wakati wa kwacha za zamani hilo halikuwa tatizo, maana kitu cha kwacha 500 uliandika 500. Sasa kitu hichohicho kikawa nusu kwacha, na programu haikujua nusu ni nini. Fundi alikuwa amekwenda zake. Mwenzetu akaiacha programu ihesabu shilingi peke yake, na kwacha akaziandika kwenye daftari pembeni kwa miaka mitatu. "Mimi nilidhani ni ushamba wangu," akasema, "kumbe hata ninyi!"

Maneno yake yalinifanya nianze kuulizia. Nilitaka kujua kama jambo hili ni la akina mama wa Tunduma tu au lina ukoo. Ukoo upo, tena ni mrefu.

Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza. Baadaye serikali ikataka hesabu zake zihamie kwenye kompyuta. Kazi ikakwama na fedha nyingi zikapotea, na wataalamu walioijua mitambo hiyo wengi walikuwa wa kutoka nje. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, na televisheni zikaingia katika marufuku hiyo hiyo. Ndiyo maana wengi wetu wa Bara tulikua bila televisheni, mpaka miaka ya 1990. Vijana wakisikia habari hiyo wanacheka serikali ile. Mimi nilicheka zamani. Baada ya safari yangu ya Mbeya sikucheka tena. Mtu akishikwa na mashine ambayo hakuna wa nyumbani anayeielewa, kuifungia mlango ni jambo linaloeleweka, hata kama siyo dawa.

Hata hapa mpakani kwetu tumeliona. Mawakala wa forodha walikuwa wamezoea mfumo wa ASYCUDA++ uliotokana na kazi ya Umoja wa Mataifa, na kuanzia mwaka 2014 TRA ikahamia TANCIS. Waulizeni mawakala wa siku zile walivyojifunza upya, malori yamepanga mstari.

Halafu kuna M-Pesa, ambayo kila mmoja wetu anayo kiganjani. Hii nilisoma habari zake kwa hamu, kwa sababu ilianzia kwa watu kama sisi. Majaribio yake yalianza Oktoba 2005 Kenya, Nairobi na Thika, na wateja hawakufika hata 500. Walikuwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, waliotakiwa kupokea mikopo na kupeleka marejesho kwa simu. Taabu mojawapo ilikuwa kuoanisha hesabu za simu na hesabu za mikopo, maana zilikaa katika mifumo miwili tofauti. Ilipofunguliwa kwa watu wote Machi 2007, ikawa ya kutumiana fedha tu. Tanzania ilifika mwaka 2008.

Sasa hiyo programu ya M-Pesa iliandikwa na nani? Kampuni ya Sagentia, ya Cambridge huko Uingereza, iliyoajiriwa na Vodafone. Ilitengenezwa kwa kazi hiyo moja, kama vile kijana wetu alivyotutengenezea yetu. Watumiaji wakawa mamilioni, na mitambo yenyewe ilikaa Ulaya, mbali na mama wa Kibera au wa Tunduma anayengojea ujumbe wake. Mwaka 2009 kazi ya kuitunza ikahamishiwa IBM. Mnajua walifanyaje ili isianguke? Wale watu wa Sagentia walioijua, wengi wao walihamia IBM pamoja nayo. Yaani programu ilihama na walezi wake, kama mtoto mdogo anavyohama na bibi. Mwaka 2015 Kenya ikapata mtambo mpya na mashine zikaletwa nyumbani kutoka Ujerumani. Mwezi Februari 2017 ndipo nchi zote zilikuwa zimehamia kwa Huawei, baada ya kazi ya miaka mitatu. Miaka mitatu, na fedha wanazo! Mimi nilikuwa nataka kumaliza kwa nauli ya siku moja.

Lakini iliyonifundisha zaidi ni habari ya Mifos. Hii ni programu ya kutunzia akiba na mikopo midogo, iliyotolewa mwaka 2006 na Grameen Foundation ya Marekani kwa ajili ya taasisi za kukopesha maskini. Mwaka 2011 mfadhili huyo akasema basi, anaacha. Kwa kawaida hapo ndipo matanga huanza. Lakini maandishi ya programu hiyo, yaani yale maelekezo ambayo fundi huandika ili kompyuta ijue la kufanya, yalikuwa wazi kwa kila mtu tangu mwanzo. Waliokuwa wakiitumia na kuitengeneza wakakusanyika, wakaendelea bila mfadhili. Wakaiandika upya. Mwaka 2017 kiini chake kikawa mradi kamili wa Apache kwa jina la Fineract, na bado kinafanya kazi.

Nisije nikaonekana nasifu wazungu. Mwezi Aprili 2020, wakati wa korona, gavana wa jimbo la New Jersey huko Marekani alisimama mbele ya waandishi wa habari kuomba watu wanaojua COBOL wajitolee. COBOL ni lugha ya kompyuta ya mwaka 1959. Watu waliopoteza kazi walikuwa wanaomba malipo kwa wingi, mitambo ya zamani ikaelemewa, na waliokuwa wakiifahamu wengi wameshastaafu. Nilipowasomea wanakamati habari hiyo, mweka hazina alisema, "Kumbe gavana naye amebeba laptopu kikapuni."

Turudi kwetu. Msaada ulitoka mahali ambapo sikutazamia. Binti wa mwanachama wetu wa Mpemba alikuwa amekuja likizo kutoka chuo. Aliniamkia, akaniomba ile flashi, akakaa nayo mkekani mchana kutwa. Kisha akanieleza kwa subira, nami nawaeleza kama nilivyoelewa.

Programu ya Access ina sehemu mbili. Ya kwanza ni majedwali, ambamo majina na namba zimekaa safu kwa safu, kama leja. Ya pili ni yale tunayoyaona: rangi, vitufe, hesabu za riba, karatasi ya mgawo. Kijana wetu alitupa nakala iliyofungwa. Access inamruhusu fundi kutoa nakala ambayo maandishi yake yameondolewa, ibaki inafanya kazi tu, ili watumiaji wasije wakaharibu. Ni kama ugali: unaliwa, lakini huwezi kuurudisha unga. Tena nakala ya namna hiyo ikitengenezwa kwenye Access ya biti 32, haifunguki kwenye Access ya biti 64, na laptopu yetu mpya ilikuwa na ya biti 64. Unga wenyewe, yaani faili la asili, kijana aliondoka nao kwenye kompyuta yake. Hakutuficha. Hatukumwomba, kwa sababu hatukujua kwamba kuna kitu cha kuomba.

Nilimwuliza, "Kwa hiyo mwanangu, tumekwisha?" Akasema, "Hapana mama. Vitufe vimekufa, majedwali yako hai." Majedwali hayafungwi na ile kufuli. Aliyavuta yote kutoka kwenye nakala ileile iliyogoma, akayaweka kwenye Excel, safu kwa safu. Wiki sita zilizopungua tulizijaza kutoka kwenye vitabu vya wanachama, mihuri kwa mihuri. Vile vitabu ambavyo tulikuwa tunavipiga muhuri kwa mazoea tu!

Tulikuwa watatu mezani jioni ile: binti, mweka hazina na mimi. Binti alikuwa anasoma safu ya salio za mikopo kwa sauti. Sifuri, sifuri, laki na ishirini, sifuri. Halafu akanyamaza. Akasema, "Mama katibu, huyu ana deni la hasi."

Hasi ya shilingi 240,000.

Nilijua kabla hajasoma jina. Tuna wanachama wawili wenye majina mawili ya kwanza yanayofanana, wa tatu ndilo tofauti. Siku ile mama wa mitumba aliponikabidhi marejesho yake mkononi, mimi nilichagua jina kwenye orodha, nikabonyeza la mwenzake. Mwenzake alikuwa ameshamaliza mkopo wake, kwa hiyo akaonekana amelipa zaidi ya anachodaiwa. Na kwenye kioo hatukuliona, kwa kuwa kijana alipanga kwamba salio likishuka chini ya sifuri, kioo kiandike sifuri. Pengine aliwaza, nani atalipa zaidi ya deni lake? Fedha za siku ile kashani zilikuwa sawa na jumla ya kompyuta, kwa hiyo wahesabu fedha hawakuwa na la kuuliza. Lakini sisi tuliokuwa na kitabu chenye muhuri mbele yetu tulikuwa nalo.

Usiku ule sikulala. Siwezi kusema ni mashine. Kidole kilikuwa changu, na aliyesema "mashine haina upendeleo" nilimtikisia kichwa kukubali. Nilichokuja kukielewa ni kwamba tuliweka kufuli tatu kwenye bati, tukaweka hesabu zenyewe mahali ambapo anayeweza kuchungulia ndani ni mtu mmoja, tena mtu huyo ameshahama. Kama mwingine yeyote miongoni mwetu angeweza kufungua majedwali siku ya ubishi, ile hasi ingeonekana kwa dakika tano.

Kamati ilikubaliana mambo kadhaa, na yote mnayaona yakifanyika. Leja ya mkono ilirudi. Kitabu cha mwanachama kikipingana na kompyuta, kikao kinasimama mpaka sababu ipatikane, na wakati huo anayeaminiwa ni mwenye kitabu. Kila mwanachama ana namba, na hakuna anayeandikwa kwa jina peke yake. Lile faili la Excel lililo wazi ndilo tunalotumia hadi leo. Halina rangi za khanga, na karatasi ya mgawo inatoka mbaya mbaya, lakini wako watatu wanaoweza kulifungua na kueleza kila safu inafanya nini, na maelezo hayo yameandikwa kwa Kiswahili kwenye daftari lililo ndani ya kasha. Nakala inakwenda kwenye flashi mbili, nyumba mbili.

Najua wapo wanaotaka tuhamie M-Koba, ile huduma ya vikundi iliyoanzishwa mwaka 2019 na Vodacom pamoja na TPB, ambayo tangu 2021 inaitwa TCB. Sipingi. Ina faida, hasa kwa wenzetu wanaosafiri, na kutembea na fedha taslimu karibu na stendi kila mtu anajua hatari yake. Aidha, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imetuweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne na kututaka tusajiliwe, kwa hiyo hesabu zetu si siri ya baraza tena. Neno langu ni moja. Kabla hatujahamia kokote, tuulize kwa maandishi: siku tukiondoka, au ninyi mkibadilisha mtambo, hesabu zetu za nyuma tutazipataje, na kwa sura gani? Asiyeweza kujibu swali hilo, tumshukuru, twende kwa mwingine. Mjadala uko kwenye ajenda ya kikao kijacho.

Kuhusu yule mama. Tulikwenda kwake Sogea wanne, mwenyekiti mbele, na mimi nikiwa na ile karatasi. Alikuwa anapanga marobota. Alituwekea viti, akatusikiliza hadi mwisho, akaitazama ile namba ya hasi kwa muda. Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama. Aliniambia, "Nilijua nimelipa. Nilichokuwa sijui ni kama ninyi mtajua." Hakusema zaidi, akatuletea maji.

Kikao kilichofuata alikuja kwa mwaliko, kama mgeni. Mweka hazina alifungua kufuli zote tatu, akamhesabia shilingi 240,000 mbele ya wanachama wote, pamoja na gawio ambalo fedha hiyo ingemzalia kwenye mzunguko ule. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye upindo wa kitenge. Nafasi yake ya uanachama bado ipo wazi na namba yake hatujampa mtu. Mpaka kijitabu hiki kinakwenda kiwandani kupigwa chapa, alikuwa hajasema atarudi, ila amelipia nakala mbili.